Setilaiti na Mvua Yetu: Pwani, Nyika na Milima ya Taita

Hotuba iliyotolewa katika jioni ya mazungumzo ya umma, Mombasa, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, walimu, na nyinyi vijana mlioteremka asubuhi kutoka Wundanyi na Voi: assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumzie setilaiti na mvua, na nikaonywa mapema kwamba projekta ya ukumbi huu ina maringo yake. Haidhuru. Ya leo yanasemeka kwa mdomo tu.

Nianze na mfereji. Maji tunayotumia Mombasa hayatoki Mombasa. Yanatoka chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya Sabaki, Marere kwenye vilima vya Shimba, na Tiwi. Mzima nayo inalishwa na mvua ya vilima vya Chyulu: inanyesha juu ya mawe ya volkeno, inazama, inasafiri chini kwa chini na kutokea Tsavo ikiwa maji maangavu. Sabaki ni ule ule mto unaoitwa Athi kule juu na Galana katikati, na maji yake mengi ni mvua ya nyanda za juu, upande wa Nairobi na Machakos. Kwa hiyo mama wa Kisauni anayenunua mitungi kwenye mkokoteni ana haki kamili ya kuuliza: hiyo mvua ya bara inapimwaje, na anayeipima ana uhakika kiasi gani?

Siku hizi jibu la swali la kwanza ni kwamba, kwa sehemu kubwa ya nchi, haipimwi. Inakadiriwa kutoka angani. Vipima mvua vya chini ni vichache na vimetawanyika, vingi viko mjini au kwenye viwanja vya ndege, na tangu miaka ya 1980 na 1990 idadi ya vituo vya Afrika vinavyotuma taarifa zake imekuwa ikishuka. Setilaiti hailali, haiendi likizo wala haidai marupurupu. Ndiyo maana ramani za ukame, bima za mazao, hesabu za mabwawa na tahadhari za mafuriko ya Tana zote zinaiegemea.

Swali la pili ndilo lililonileta hapa. Makadirio hayo yana makosa, na makosa yenyewe si ya ovyo ovyo. Yana upande. Kwenye nyika kavu setilaiti huelekea kutia chumvi. Milimani na ufuoni huelekea kupunja. Ukishajua inakosea kuelekea wapi, unaweza kufanya nayo kazi nzuri sana. Usipojua, utaiamini namba kwa sababu tu ina desimali.

Kwanza tuelewane jinsi setilaiti inavyoiona mvua, kwa sababu ukweli ni kwamba mara nyingi haiioni. Njia zake ni tatu. Ya kwanza ni ile inayotumia infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Meteosat za Ulaya zimekaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi, na kwa miaka mingi zimekuwa zikipiga picha ya Afrika nzima kila dakika 15. Kizazi kipya, ambacho cha kwanza chake kilirushwa Desemba 2022, kinapiga kila dakika 10. Kinachoonekana pale ni joto la kichwa cha wingu, basi. Wingu lililopanda juu sana lina kichwa baridi, nyuzi 40 au 60 chini ya sifuri, na wataalamu wanasema: wingu baridi kiasi hicho bila shaka linanyesha. Ni sawa na mtu aliye ghorofani anayetazama paa la makuti la jirani, akaona moshi, akasema leo kwa fulani kuna pilau. Mara nyingi atapatia. Lakini kuna siku moshi ni wa takataka, na kuna siku pilau imepikwa kwa gesi.

Kwa njia hiyo ya infraredi ndiko zilikotoka data mbili zinazotumika sana kwetu. Moja ni TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, ambayo rekodi yake inaanzia 1983. Nyingine ni CHIRPS ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, iliyotengenezwa pamoja na wataalamu wa jiolojia wa serikali ya Marekani, inayoanzia 1981 na kuigawa nchi katika vyumba vya takriban kilomita tano na nusu kwa tano na nusu. Miaka zaidi ya 40 mfululizo, kila siku, kila mahali. Nataka mliweke hilo akilini kabla sijaanza kulalamika, maana vituo vya kijijini vyenye rekodi isiyokatika kwa muda huo ni vichache mno.

Ya pili ni maikrowevu. Setilaiti hizi zinaruka chini zaidi, kilomita mia kadhaa tu, na zinapokea mawimbi yanayotoka ardhini na kupita ndani ya wingu lenyewe. Hapa tunakaribia mvua halisi. Juu ya bahari mambo ni mazuri: kwa mawimbi hayo bahari huonekana baridi, na matone ya mvua huonekana yakiwa na joto juu yake, kwa hiyo matone yenyewe yanahesabika. Nchi kavu ni hadithi nyingine. Ardhi nayo huonekana yenye joto, matone yanapotea ndani yake, na kilichobaki ni kutafuta chembe za barafu zilizo juu ya wingu, zile zinazotawanya mawimbi. Barafu nyingi juu, mvua nyingi chini. Barafu hakuna? Basi mvua hakuna. Ndivyo inavyohesabiwa.

Ya tatu ni rada, inayotuma mawimbi yake yenyewe na kusikiliza mwangwi unaorudi, na hii ndiyo bora kuliko zote. Rada ya kwanza ya mvua kuwekwa angani ilikuwa kwenye setilaiti ya TRMM, ya Marekani na Japani, iliyorushwa Novemba 1997 na kufanya kazi hadi 2015. Mrithi wake, GPM, alirushwa kutoka Tanegashima, Japani, Februari 2014, na rada yake inatumia masafa mawili kwa pamoja. Inaikata mvua vipande kutoka juu hadi chini na kuonyesha iko kiasi gani katika kila kimo. Ubaya wake ni kwamba inaona ukanda mwembamba, upana wa kilomita 245 hivi, na haipiti juu ya Mombasa ila kwa nadra. Mvua yetu ya nusu saa inaweza kuanza, kufurika barabara ya Tudor na kwisha, na rada bado iko juu ya Brazili.

Kwa hiyo NASA, shirika la anga la Marekani, wanazichanganya zote: rada ndiyo mwalimu, maikrowevu za setilaiti nyingine ndizo wanafunzi, infraredi inaziba mapengo, na mvua iliyoonekana saa hii inasogezwa kwa kufuata mwendo wa hewa mpaka setilaiti nyingine ipite. Matokeo yanaitwa IMERG. Kila nusu saa, vyumba vya kilomita 11 kwa 11. Toleo la haraka linatoka baada ya saa nne hivi, la pili baada ya saa kama 14, na la mwisho, lililosahihishwa kwa vipima mvua vya chini, baada ya miezi mitatu na nusu. Mtu akikuonyesha ramani ya IMERG, muulize kwanza ni toleo lipi. Watu hugombana bure juu ya namba mbili tofauti kumbe ni mvua ile ile, moja mbichi na moja iliyosahihishwa.

(Kijana mmoja aliuliza hapo kati kuhusu mitambo yetu wenyewe. Nilimjibu hivi: pwani hii ina historia ya anga kuliko wengi wanavyojua. Kule Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walikuwa na jukwaa la baharini la kurushia roketi, na tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Ile ilichunguza miale ya eksirei ya nyota. Taifa-1 yetu, iliyorushwa Aprili 2023, ni kamera. Zote mbili ni fahari, ila hakuna hata moja inayopima mvua.)

Sasa tupande kutoka ufuoni.

Hapa Mombasa kila mtu anaijua mvua ya kusi. Mwezi wa tano mpaka wa saba, unaamka alfajiri, unasikia mabati yanalia dakika kumi, kimya, halafu tena. Saa mbili jua limetoka na watu wanaanika. Mawingu yanayoleta mvua ile ni mafupi. Yamesukumwa kutoka baharini, hayajapanda hata kufikia kimo cha kuganda, ambacho kwetu ni kama kilomita tano juu. Ndani hayana barafu. Ni matone yanagongana na kuungana mpaka yanakuwa mazito. Sasa ipitishe mvua hiyo mbele ya mitambo niliyoitaja. Infraredi inaona kichwa cha wingu kisicho baridi, inasema hakuna mvua. Maikrowevu inatafuta barafu, haikuti, inasema hakuna mvua. Na wewe umesimama barazani umelowa.

Ufuo una taabu ya ziada. Doa moja la maikrowevu, yaani eneo linaloonwa kwa mara moja, linaweza kuwa na upana wa kilomita kumi, ishirini au zaidi, na likiangukia Mombasa nusu yake ni bahari na nusu ni nchi kavu. Kanuni ya bahari haifai, ya nchi kavu haifai. Programu inalazimika kuchagua moja au kuchanganya, na vyovyote itakavyofanya, hesabu haitulii. Kwa hiyo sisi tulio kisiwani, tuliozungukwa na maji pande zote, tuko mahali pabaya sana pa kupimiwa mvua kutoka juu. Mwaka mzima Mombasa inapata zaidi kidogo ya milimita 1,000, na mwezi wa tano ndio wenye mvua nyingi kuliko yote. Yaani mwezi wetu mkubwa ni ule ule ambao sehemu ya mvua yake huingia kwa mlango ambao setilaiti hailindi.

Ukipita Mariakani, ukaingia Samburu, Taru, Mackinnon Road, mambo yanageuka. Ile nyika ni kavu, hewa ya chini ni kavu vilevile. Hapo wingu linaweza kusimama jioni, refu, jeusi, kichwa chake baridi kabisa. Infraredi inafurahi: mvua kubwa! Rada ikipita wakati huo itaona matone kweli kule juu. Lakini matone yanashuka kilomita mbili tatu ndani ya hewa kavu na kuishia njiani. Wafugaji wa kule wanaijua vizuri mvua hiyo, mapazia yanayoning'inia na kutofika chini. Kwenye ramani, kijiji kimepata milimita kadhaa. Chini, vumbi halikutulia. Pia kuna yale mawingu mepesi ya juu sana, mabaki ya radi iliyopiga mbali, ambayo ni baridi lakini hayana kitu. Mambo haya mawili ndiyo yanayoifanya setilaiti itie chumvi katika nchi kavu tambarare.

Lakini nisiwe mchoyo. Kwenye nyika hiyo hiyo, ukiacha kuuliza habari za jana na ukauliza habari za mwezi mzima, setilaiti inafanya kazi ya kuridhisha. Ardhi ni ya namna moja kwa kilomita nyingi, mvua zake nyingi ni za radi, na wingu la radi ndilo hasa setilaiti ilifundishwa kulitambua. Makosa ya siku moja moja yanafidiana. Ningekuwa mfugaji wa Kinango nataka kujua kama vuli hii ni haba kuliko ya mwaka jana, ningeiangalia ramani ya setilaiti bila wasiwasi mkubwa.

Halafu unafika Voi, unakata kushoto, unapanda kwenda Wundanyi, na hapo ndipo kazi inapoharibika.

Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari na mwaka wa kawaida hupata kama nusu tu ya mvua ya Mombasa. Kilele cha Vuria kina mita 2,208. Kati ya tambarare na kilele hicho ni mwendo mfupi, ndege anaufanya kabla hujamaliza chai, na bado sehemu za juu zinapata zaidi ya mara mbili ya mvua ya Voi. Hewa yenye unyevu inatoka huku kwetu baharini, inavuka nyika yote bila kizuizi, inagonga milima ya Taita na kulazimika kupanda. Ikipanda inapoa, ikipoa inatoa maji. Upande unaotazama upepo unalowa, upande wa pili uko kwenye kivuli cha mvua. Walimu wa jiografia mnafundisha hayo darasa la sita, sina haja ya kurudia.

Kitu ambacho vitabu vya shule havisemi ni umbo la mvua yenyewe. Mara nyingi haina radi wala wingu refu. Ni ukungu unaoshuka kwenye msitu, manyunyu ya usiku kucha, wingu lililokaa juu ya mlima lenyewe kimo cha mita mia chache. Kwa setilaiti ya infraredi kichwa cha wingu hilo kina joto karibu sawa na la ardhi iliyoinuka iliyo kando yake. Halitofautiani na chochote. Maikrowevu haikuti barafu. Rada, ambayo tuliiita bora, inakwama kwa sababu nyingine: mwangwi unaorudi kutoka kwenye mlima wenyewe ni mkali mno, unafunika mwangwi wa mvua. Inabidi wataalamu waitupe sehemu ya chini, kutoka ardhini hadi kimo cha kilomita moja na zaidi, na kukisia kilichomo. Na katika milima, sehemu hiyo ya chini ndiyo hasa mvua inapoongezeka. Pia manyunyu madogo yako chini ya kiwango ambacho rada ile inaweza kuyahisi. Ndiyo maana ni jambo la kawaida kabisa mwalimu wa huko juu kukuta maji kwenye chupa ya kipima mvua asubuhi huku ramani ya setilaiti ya siku hiyo imeandika sifuri.

Ongeza suala la ukubwa wa chumba. Kilomita 11 kwa 11 ni eneo la kilomita za mraba 120 hivi. Weka chumba kimoja juu ya Taita, ndani yake kuna mashamba ya mboga ya juu kwenye baridi na kuna vichaka vya chini kuelekea Mwatate ambako mtu anapanda mtama kwa matumaini. Setilaiti inawapa wote namba moja. Hata kama namba hiyo ingekuwa wastani kamili usio na kosa, isingekuwa kweli kwa mkulima wa juu wala kwa wa chini.

Kilimanjaro, mita 5,895, ni jambo hilo hilo kwa kiwango kikubwa. Mteremko wa kusini, upande wa Moshi, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi unapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Zunguka upande wa kaskazini, unaotazama Kenya, na ni kukavu sana. Kileleni kuna kizungumkuti kingine: barafu na theluji vilivyolala juu ya ardhi vinatawanya maikrowevu kwa namna inayofanana na barafu iliyo ndani ya wingu. Kwa hiyo programu isipochujwa vizuri huiona mvua mahali ambapo ni mlima tu umekaa, kimya, chini ya jua.

Watu wamelipima jambo hili. Mwanasayansi Tufa Dinku na wenzake walilinganisha data kadhaa za setilaiti na vipima mvua vya Afrika Mashariki yenye milima, wakachapisha mwaka 2007. Mwaka 2018 wakarudi na CHIRPS, wakitumia takriban vituo 1,200. CHIRPS ilikuwa bora kuliko data za zamani, na upungufu wake ulionekana zaidi mahali pawili: milimani na pwani. Katika hesabu za siku moja moja TAMSAT ilifanya vizuri zaidi. Kwa siku kumi kumi na kwa mwezi CHIRPS ilikuwa mbele kidogo. Sababu ya CHIRPS kujikongoja vizuri hata milimani ni kwamba haianzi na karatasi tupu. Inaanza na ramani ya wastani wa miaka mingi, iliyochorwa kwa kutumia vituo na kimo cha ardhi, kisha setilaiti inasema tu mwezi huu umezidi au umepungua. Inajua tayari kwamba Taita ina mvua kuliko Voi. Isichojua vizuri ni jana kulitokea nini.

Mnaotoka bara mtaniuliza: na hicho kipima mvua chenyewe, ni msema kweli? Tukiangalie kwa karibu. Ni mkebe wa chuma wenye mdomo wa inchi tano, faneli ndani, chupa chini ya faneli. Saa tatu asubuhi mtu anafungua, anamimina kwenye gilasi yenye mistari, anainama mpaka jicho liwe sawa na maji, anasoma pale ambapo uso wa maji umebonyea katikati, si kwenye kingo. Kama buibui amejenga kwenye faneli, au jani la mwembe limeziba tundu, siku hiyo imepotea. Upepo ukivuma sana, kama unavyovuma kwenye migongo ya milima, matone yanapeperushwa juu ya mdomo na mkebe unapata pungufu. Kwa hiyo milimani hata shahidi wetu wa chini anapunja, na mvua ya kweli ni nyingi kuliko wote wawili wanavyosema. Na ule ukungu unaonaswa na miti na kudondoka kutoka kwenye majani, haumo kwenye hesabu ya yeyote.

Halafu kuna ukubwa. Mdomo wa inchi tano ni sentimita za mraba 127. Chumba cha IMERG ni kikubwa kuliko hapo takriban mara bilioni tisa na nusu. Tunapolinganisha viwili hivi na kusema setilaiti imekosea, sehemu ya kosa ni yetu, maana mvua ya radi inaweza kunyesha Changamwe na kuacha Likoni kukavu. Mwaka 2017 watafiti walijumlisha midomo ya vipima mvua vyote duniani ambavyo taarifa zake zinapatikana: eneo lake halikufika nusu ya uwanja wa mpira. Ndicho kipimo cha ukweli tulicho nacho kwa sayari nzima.

Sasa niende kwenye pesa, maana najua kuna watu wa vyama vya akiba na mikopo humu ndani. Bima nyingi za mazao siku hizi hazitumi mtu kuja kukagua shamba. Zinaangalia namba: mvua ya setilaiti ikishuka chini ya kiwango, unalipwa, isiposhuka, hulipwi, hata kama mahindi yamekauka mbele ya macho yako. Watu wengi hudhani hatari ni kwamba setilaiti inatia chumvi nyikani. Hilo peke yake si hatari sana. Kiwango cha kulipia kinapangwa kwa rekodi ya setilaiti ile ile. Kama inatia chumvi kila mwaka kwa kiasi kile kile, chumvi hiyo inajifuta kwenye hesabu.

Balaa ni pale kosa linapobadilika. Chukua milima ya Taita. Kuna msimu mvua inakuja kwa radi, mawingu marefu, setilaiti inayaona vizuri. Kuna msimu mwingine inakuja kwa manyunyu ya upepo wa baharini, kiasi kile kile cha maji, na setilaiti inaona nusu. Kwenye karatasi msimu wa pili ni ukame, kampuni inalipa, kila mtu anashangaa. Geuza sasa: radi tatu kubwa kwenye msimu mzima, zote kwa juma moja, na kiangazi baada ya hapo. Karatasi inasema mvua imetosha. Mkulima hana kitu. Kwa hiyo ukiletewa mkataba, usiulize tu malipo ni shilingi ngapi. Uliza ni data ipi, chumba kipi cha ramani, na kama shamba lako liko kwenye mteremko ule ule na sehemu kubwa ya chumba hicho. Uliza wanahesabu msimu mzima au siku kumi kumi. Wakala asipoweza kujibu, aende akaulize arudi.

Kwa mafuriko mambo ni mabaya zaidi, na nitapita haraka. Mvua kali ya saa mbili kwenye mteremko ndiyo setilaiti inayoipunja kuliko zote, na toleo la haraka linakuja saa nne baadaye. Kwa mto mrefu wa Tana hilo si tatizo kubwa, maji ya mlima Kenya yanachukua siku kadhaa kufika Garsen, na tahadhari inaweza kutolewa kwa wakati. Kwa korongo linaloshuka kutoka Taita hadi reli, saa nne ni mazishi.

Dawa si kuacha setilaiti. Ni kuichanganya na vituo, na hasa vituo vilivyowekwa mahali setilaiti inapokosea. Idara ya Hali ya Anga ya Kenya imeshafanya kazi ya kuunganisha vituo vyake vyote, hata vile ambavyo taarifa zake hazitumwi nje, na data za setilaiti, na ramani inayotoka hapo ni bora kuliko kila kimoja peke yake. Kuna pia mpango wa TAHMO, wenye makao Nairobi, unaoweka vituo vya kujiendesha kwenye shule nyingi za Afrika. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linapendekeza kipima mvua kimoja kwa kila kilomita za mraba 575 kwenye tambarare, na kimoja kwa kila 250 milimani. Sisi tumefanya kinyume: vipima mvua viko kwenye njia za lami.

Mimi ningekuwa na vipima mvua kumi vya kugawa, nisingeweka hata kimoja Mombasa mjini. Ningeviweka vyote juu ya Mwatate na kwenye vilima vya Chyulu, kwa vimo tofauti, upande wa upepo na upande wa kivuli.

Walimu mlioomba kuanzisha vituo shuleni, mambo ni machache. Mkebe ukae uwanjani, mbali na mti au paa angalau mara mbili ya kimo cha kitu hicho. Mdomo uwe sawasawa, usiinamie popote. Usomwe saa tatu asubuhi kila siku, sikukuu na likizo zote, kwa hiyo mpate jirani wa kusaidia shule ikifungwa. Kama hakukunyesha, andikeni 0. Kama hakuna aliyesoma, andikeni msitari. Ninyi mtaona ni kitu kidogo, lakini nimetumia jioni nyingi za maisha yangu juu ya daftari lenye nafasi tupu, nikijiuliza kama siku ile ilikuwa kavu au mlinzi alikuwa harusini. Setilaiti inaweza kusahihishwa kwa sifuri. Kwa nafasi tupu haiwezi kusahihishwa.

Karatasi za kuandikia ziko mezani pale mlangoni, za mwaka mzima. Wenye shule zilizo juu ya Wundanyi wachukue kwanza, wa mjini wangoje zikibaki.